Miaka Niliyomuongezea Esta

Siku ya posho, tarehe 8 ya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ukungu, halafu mvua toka saa sita mpaka sasa. Wanasema barabara ya Sake imekatika tena.

Ndugu zangu, jina la Bwana lipewe heshima! Mimi ni Mama Esta, wa kilima cha juu ya Kashuga, yule anakaaka nyuma karibu na mulango. Kusema mbele ya watu bila kusoma siwezi. Njo maana nimeandika mu kaye, daftari la mutoto, kesho siku ya yenga nitasoma kanisani. Nilisoma mpaka mwaka wa ine tu, munivumilie. Na kama kuna fasi nitaongeza kupita vile ilikuwa, Papa Yonasi anakaaka mu benchi ya mbele, atanisahihisha.

Nianze na kosa la kwetu, maana lilikuwepo. Mu mwezi wa tisa ng'ombe za Papa Yonasi ziliingia mu shamba letu la maharagi. Nilisema kwa majirani kwamba zinaingia kila siku. Si kweli. Ziliingia mara tatu. Ile mara ya tatu mutoto wangu Esta alikuwa peke yake shambani. Alipiga kelele, akatupa udongo, zikatoka. Ikabaki moja ya pembe fupi, inakula tu. Esta akarusha panga. Anasema alitaka kuiogopesha tu. Panga likakata mushipa wa mguu wa nyuma, na mbele ya jua kushuka wakalazimika kuichinja. Ilikuwa na mimba! Nilikuwa nimelia juu ya maharagi yangu, lakini nilimuona Papa Yonasi amepiga magoti mu matope karibu na ile ng'ombe, na yeye pia analia.

Alienda polisi. Alikuwa na haki ya kwenda. Kesho yake asubuhi wakamuchukua Esta.

OPJ, ni yule polisi anayeandika mashitaka, akaniuliza: "Mama, mutoto iko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita, Papa."

Akacheka, akanionyesha karte ya uchaguzi waliyoitoa mu mufuko ya Esta. "Karte inasema makumi mbili. Karte iko na picha na muhuri, wewe uko na kinywa tu. Niandike nini?"

Nikaangalia ile picha. Ndugu zangu, ile karte ni mimi nilimutafutia! Munajua vile ilikuwa wakati wa kuandikisha. Bila karte mutu anasumbuliwa ku kila kizuizi, na wote tulikuwa tunaambiana: muinulie mutoto miaka, apate karte, apite. Esta alikuwa na kumi na ine. Nilimuvalisha viatu vyangu vya kisigino ili aonekane murefu. Nikanyoosha mukono mbele ya mashini ya kuandikisha, nikaapa: "Huyu ni wa kumi na nane." Tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima.

Pale polisi njo nilifahamu uzito wa ile kicheko. Mutoto akikosa, kesi yake inangojea mwamuzi wa watoto, yule tunaita juge, na ikiwezekana mutoto anangojea kwao. Mukubwa anashushwa gereza ya wakubwa. Kwa ile karte, Esta wangu alikuwa mukubwa.

Nilipofungua kinywa nieleze, OPJ akasema: "Angalia, Mama. Kudanganya mbele ya mashini ya serikali ni kosa pia. Ukisema ulidanganya, nakuandika na wewe." Sidhani alisema kwa ubaya. Alisema vile iko. Lakini nyumbani niko na wadogo watatu, na papa yao iko Walikale kule kwenye madini, habari yake inafika mara moja moja. Nikafunga kinywa. Nilikifunga juma sita.

Kasho yetu, mahabusu ya polisi, ni chumba kimoja cha wanaume. Fasi ya wasichana hakuna, ya watoto hakuna. Esta walimulaza mu stoki, chumba cha kuwekea vitu, pamoja na wasichana wengine wawili wenye kungojea juge kama yeye. Serikali haina chungu pale, ndugu ya mufungwa njo analeta chakula. Kila juma, siku ya tatu na siku ya yenga, nilitembea saa ine kwenda na saa ine kurudi, na mutungi wa chakula mugongoni. Polisi mumoja alikuwa ananitukana: "Mama wa muuaji wa ng'ombe amefika!" Lakini yule yule njo alimupa Esta koti lake wakati wa baridi. Yote mbili ni kweli, nimeandika yote mbili.

Nilifunga kula. Nilimuomba Mungu afungue mulango. Ndugu zangu, niliomba vile na ufunguo uko mu mukono yangu! Kila nikisema amina, nilisikia aibu.

Halafu habari ikafika: juge wa watoto anakuja, atasikiliza kesi siku tatu mu darasa la shule, halafu anarudi, na hatujui atakuja tena lini. Ataangalia kwanza miaka ya vijana wote wenye kufungwa; wenye kuwa wakubwa gari itawashusha gereza nyuma yake. Alama ya kuonyesha umri sikuwa nayo. Karte ya chanjo ilibaki mu nyumba ile siku tulikimbia vita.

Nikaingia mule darasani. Juge ni mwanamuke, alikaa ku meza ya mwalimu. Esta alisimama karibu na ubao, amekonda. Papa Yonasi alikuwa mu benchi ya mbele na fimbo yake, amekuja kudai ng'ombe. Nilijua kwamba yeye anajua miaka ya Esta. Njo maana tangu mwezi wa tisa sikuweza kumuangalia mu macho.

Juge akainua ile karte. "Nani aliapa hapa?"

Nikasikia kinywa changu kinasema: "Ni mimi, Mama Juge. Nilidanganya. Mutoto ni wa kumi na sita."

"Basi ulidanganya siku ile, ao unadanganya leo?"

Watu wakacheka. Hata mimi, kama ni mwingine, ningecheka. "Siku ile," nikasema.

"Nani anaweza kunihakikishia?"

Nikahesabu vioo vilivyovunjika ku dirisha, maana sikuwa na fasi ingine ya kuangalia. Halafu fimbo ikagonga chini. Papa Yonasi akasimama.

"Huyu mutoto na Samweli wangu walizaliwa juma moja," akasema. "Mama yake alikuwa na homa, maziwa haikutoka. Muke wangu njo alimunyonyesha, huyu huku, Samweli huku. Samweli iko na kumi na sita. Na karte hana, maana mimi sikumuinulia miaka."

Hiyo ilinichoma, na ilikuwa haki yangu kuchomwa.

Juge akamuuliza: "Papa, unajua unamusaidia mwenye alikukosea?"

"Ng'ombe yangu ninaidai, niandikie hiyo. Lakini huyu ni mutoto. Siwezi kusema ingine."

Bwana asifiwe! Juge akaandika kwamba Esta ni mutoto. Akamurudisha kwetu angojee nyumbani, na mama wa kazi ya jamii atakuwa anakuja kumuangalia. Kesi ya ng'ombe haijaisha, jamaa zetu mbili zitakaa pamoja mwezi ujao. Mimi juge alinikaripia mbele ya wote, na aliandika kitu juu yangu. Sijui ni nini. Naweza kuitwa siku moja, na nikiitwa nitaenda.

Ni muujiza? Mimi naamini ni Mungu alimusimamisha Papa Yonasi. Lakini ningeogopa kumunyang'anya Papa Yonasi kazi aliyofanya kwa miguu yake mwenyewe. Papa, asante. Mama Samweli, asante mara mbili.

Na wewe ndugu yangu, wewe dada, uliyemuinulia mutoto miaka: usingoje kasho kama mimi. Umutumainie Bwana, useme kweli hata watu wakikucheka. Mimi walinicheka, na sikuanguka.

Wale wasichana wawili wako bado mule stokini. Kesi zao hazikufikiwa. Tuwaombee, na mwenye anaenda kule siku ya tatu apite kwangu, tutafunga mutungi pamoja.

Jioni hii tumekula bugali na mboga ya lengalenga, na maziwa kidogo ambayo Samweli ameleta. Esta alikata bugali yake mafungu matatu, vile walikuwa wanagawana mule stokini, akakula moja, akasukuma sahani. Nikamuambia, "Maliza, mama." Akasema, "Hii ingine si yangu." Wadogo zake wakaangalia sahani, na hakuna aliyegusa.