Mkono wa Tiziano Sikioni

Jumatatu baada ya mbio za pikipiki, benchi la nje ya baa ya Fosca, huku kwetu Romagna, Italia, huwa mahakama. Washitakiwa ni waendeshaji, ushahidi ni video, na mahakimu ni wazee watatu wasio hata na leseni moja kati yao. Jumatatu hii kesi ilikuwa nzito: mshitakiwa ni Tiziano, mjukuu wa mzee Ardelio. Jana kamaliza wa pili, na inasemekana anakihama kiwanda cha pikipiki cha nyumbani aende kwa Wajapani. Ardelio hakulala. Geti lake kalipaka rangi nyekundu ya kiwanda, na mjukuu ni huyo huyo mmoja. Roho ilimuuma, ila kusema hasemi.

— Tazameni hapa, alisema Primo, fundi viatu mstaafu aitwaye Rudisha-Nyuma, kwa vile kidole chake hakitulii kwenye tableti. Kavua helmeti, kaitazama kamera. Mkono huo, sikioni! Gumba juu, kidole cha mwisho chini.

— Sasa? aliuliza Ardelio, hakimu wa tatu.

— Sasa nini? Upepo! Pikipiki inampigia kelele masikioni. Anayelalamikia upepo keshahama moyoni.

— Upepo uko kichwani mwako! alidakia Walfrido, muuza nguruwe aitwaye Wakala, maana mikataba anaijua kabla haijaandikwa. Vidole viwili, miaka miwili. Sikio, mshahara keshausikia. Peleka video kwenye kona.

Primo akapeleka.

— Kabla ya breki anatoa mguu nje. Unaelekea wapi?

— Chini.

— Mashariki, bwana! Na Japani iko wapi?

— Kona ya pili anaelekea magharibi, Wakala.

— Ndiyo maana hapo katoa mguu mwingine!

— Kwa hiyo mguu ndio unaosaini?

— Mwili mzima unasaini. Nguruwe naye akijua anauzwa, hutanguliza mguu hivyo hivyo.

— We Walfrido! Ardelio aling'aka. Mjukuu wangu na nguruwe wapi na wapi?

— Nguruwe wangu angalau wakihama huaga.

Hilo lilimchoma Ardelio. Akaivuta tableti.

— Tatizo ni kiwiko. Kiko juu. Mtoto mwenye raha hukiburuza chini kwenye kona. Huyu ana huzuni, au hali chakula vizuri.

Ombretta, tarishi wa barua, akaegesha pikipiki yake, akaagiza kahawa na kuchungulia.

— Si Tiziano huyo? Anamwambia nani awashe simu?

— Simu gani?

Ombretta akaweka gumba sikioni, kidole cha mwisho mdomoni.

— Hii. Mzee Ardelio, simu yako iko wapi?

Simu ilikuwa mfukoni mwa koti, imezimwa, ndani ya soksi. Kila siku ya mbio Ardelio huifunga hivyo, tangu mwaka ule jirani alipompigia kumuuliza habari za uyoga na Tiziano akaanguka papo hapo. Haifungui mpaka amalize kahawa ya Jumatatu, na leo kahawa ilikuwa ikiongezwa tu kwa sababu ya kesi.

Aliitoa, akaiwasha. Ikaita kabla hajavaa miwani.

— Babu! Tangu jana nakutafuta! Wajapani wanataka jibu sasa hivi, niko nao mezani. Niende au nibaki?

Ardelio akamtazama Primo. Primo akaitazama tableti. Wakala, mjuzi wa mikataba yote, akawa anakoroga kikombe kitupu.

— Babu, upo?

— Nipo. Wewe unataka nini?

— Nataka kwenda. Lakini lile geti lako, babu…

— Geti ni rangi tu, mwanangu. Nenda.

Alifuta macho kwa soksi, wala hakujificha.

— Asante, babu.

— Ila kile kiwiko…

— Babu!

— Haya, nimenyamaza. Wajapani wanapaka rangi gani?