Bahari ya Jana Kwanza

Alhamisi hii, baada ya swala ya adhuhuri, Ami Jubran Uthman atakabidhi ufunguo wa kituo chetu cha hali ya hewa na kustaafu. Ametumikia hapa kisiwani Farasan miaka thelathini na minne, na kama ipo asubuhi aliyochelewa, hakuna kati yetu anayeikumbuka.

Alianza kwa kupandisha bendera gatini. Ikipanda nyekundu, meli ya kwenda Jizan, bara, haitoki. Baadaye akapewa vipimo, kisha redio ya mabaharia, ambayo kila nyumba huisikiliza. Kisiwa huamka na sauti yake: upepo, mawimbi, joto la maji. Kina mama hukanda unga huku wakiwanyamazisha watoto kwa jicho, maana Ami akishasema harudii.

Ila yeye haanzi na leo. Huanza na jana: alichotabiri, kilichotokea, na kama alikosea, anasema alikosea. Wakubwa walimtaka aache, eti anaiaibisha ofisi. Akawajibu kwa upole kwamba bahari ya jana watu waliiona kwa macho yao. Akaendelea.

Mwaka aliomwozesha bintiye Shuruq, bwana harusi alikuwa akingoja Jizan. Asubuhi ya safari bahari ilitulia kama maziwa bakulini. Shuruq yuko gatini na hina yake, mashangazi na masanduku. Baba yake akapandisha nyekundu. Shangazi mmoja akapaza sauti, "Wee Jubran, kama hutaki kumtoa mtoto sema tu, usiisingizie bahari!" Gati zima likacheka. Shuruq akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Siku ikapita, hata shela haikupepea. Ng'ambo, mandi ya harusi, wali na nyama, ikaliwa na majirani.

Kesho yake kisiwa kizima kilimsikia: "Jana nilisema upepo mkali. Haukuja. Nimemzuia bibi harusi bure, na ni mwanangu. Niwieni radhi. Leo shwari, meli iende." Nahodha Maqbul wa meli hiyo akajibu redioni, "Tumekusamehe, Ami, ila mandi yetu utailipa!"

Baada ya miezi michache, siku ya watu kurudi bara baada ya Idi, nyekundu ikapanda tena chini ya mbingu safi. Gati limejaa watoto. Safari hii hakuna aliyebisha. Shangazi yuleyule ndiye aliyeanza kubeba masanduku: "Haya, nyumbani! Jubran kasema."

Kabla ya alasiri, magharibi pakainuka ukuta wa vumbi, mwekundu, mrefu kuliko minara, ukitembea juu ya maji. Chini yake bahari ikasimama wima. Sina neno jingine, ilisimama. Meli ikajigonga gatini, tupu, na kila mtoto yuko ndani. Tuliochungulia madirishani tuliwashika tu watoto.

Asubuhi Ami akasema, "Jana nilisema upepo mkali. Ulikuja." Akaendelea na ya leo.

Ami, asante. Sasa lala mpaka jua likuchomozee kitandani. Alhamisi hiyohiyo alasiri unavuka kwenda kwa Shuruq na wajukuu, na utabiri wako wa mwisho ndio utakaokuvusha. Mungu akupe afya, na siku zako ziwe nyepesi. Ijumaa sauti redioni itakuwa ngeni, lakini itaanzia palepale: "Jana Ami Jubran alisema bahari shwari." Na kama ulikosea, Ami, tutasema.