Mashine ya Shemeji Inasubiri Jibu

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa sauti ya mke kutoka jikoni: "Usiizime, bado inahifadhi." Mume alikuwa amekwisha kunyoosha kidole kuelekea kitufe cha kompyuta. Akakirudisha, akasimama kando ya meza ya cherehani na kuitazama taa ndogo ikipepesa mpaka ilipotulia. Kisha akafunga kompyuta, akafunga dirisha, wakala, wakalala. Asubuhi mke hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Wiki chache baadaye kompyuta nayo ikaanza kusumbua, na kila aliyesikia alitaka kuyaunganisha mambo hayo mawili, isipokuwa mfiwa mwenyewe, aliyesomea upimaji wa ardhi chuo kikuu na hakuwa na tabia ya kuchora mstari pasipo na alama.

Kijiweni walimwita Desimali, kwa sababu ukimuuliza umbali wa kutoka pale hadi zahanati alikujibu kwa mita, akaweka nukta, akaendelea. Kijiwe chenyewe ni benchi lililoegemea ukuta wa duka la Kinyozi, lenye miguu mitatu yake na tofali moja la kuazima. Mwisho mmoja hukaa Fundi Saa na kimeza chake cha kioo. Katikati hukaa Redio, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kumzima. Na mbele yao, nyuma ya jiko na birika, hukaa Shangazi, ambaye hakuna anayejua ni shangazi wa nani. Mke wa Desimali wote walimwita shemeji. Alikuwa akifundisha ushonaji sebuleni kwake, na koo lilipochoka kurudia yale yale akaanza kuyasema masomo yake mbele ya kompyuta na kuyarekodi. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo, kwa hesabu za Desimali, sauti ya mke wake ilikuwa imebaki mahali pamoja hapa duniani: ndani ya diski ambayo sasa haikutaka kusomeka.

Alasiri hiyo aliibeba mashine kwa mikono miwili, ameifunga taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

— Leo imekuja kutusalimia yenyewe? Redio aliuliza, akisogea kumpa nafasi.

— Nimeileta kwa sababu jana ilitoa mlio. Na betri imekufa, nahitaji umeme.

Kinyozi aliingia dukani, akachomoa mashine ya kunyolea kwenye soketi yake pekee, akapitisha waya dirishani. Ndani, mteja mmoja mgeni alibaki kitini na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa ukiwa na nywele na mwingine hauna.

— Dakika moja tu, kaka, Kinyozi alimwambia.

Kioo kikawa cheusi, kisha herufi nyeupe zikaanza kushuka. Vichwa vinne vikagongana kuzitazama. Desimali alisoma na kuwatafsiria, polepole, kama anayesoma vipimo vya kiwanja chenye kesi.

— Imeiona kumbukumbu. Imeiona kibodi. Imeiona diski.

— Si hiyo imeiona! alisema Kinyozi. Tatizo liko wapi?

— Kuiona siyo kuisoma. Subiri. Haya: "Dereva wa diski: kosa la kusoma. Najaribu tena."

Redio aliweka kikombe chini.

— Nani kakosa?

— Dereva. Ni programu. Mfumo ukitaka kitu kilicho kwenye diski humtuma yeye akakilete.

— Nilijua! Nilijua tu! Barabara ina mashimo, tairi limebaki kipara, tajiri hajanunua breki tangu alipooa, lori likizima kosa la nani? La dereva! Hata humo ndani ya kompyuta mmemfuata!

— Hajalaumiwa, Redio. Ametumwa, amerudi mikono mitupu, anatoa ripoti.

— Anatoa ripoti?

— Ya kila safari. Tazama, amerudi tena. "Kosa la kusoma. Najaribu tena."

— Basi huyo ni mtu mzima, alisema Redio, akakichukua kikombe chake. Huyo namwamini.

Kinyozi alikuwa na maoni yake tangu mwanzo, na maoni yake yalikuwa vumbi. Kila kitu kilichowahi kuharibika katika mtaa ule, pamoja na ndoa mbili, yeye alilisingizia vumbi.

— Sebule ya shemeji ilijaa nyuzi na vipande vya vitambaa. Vimeingia humo. Nipe niipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele.

— Ile yako inayotoa cheche?

— Inatoa cheche ikikasirika tu.

— Nyamazeni, alisema Fundi Saa.

Alikuwa mtu wa maneno machache, hivyo walinyamaza. Aliinama akaweka sikio juu ya mashine, macho amefumba. Kutoka ndani kulisikika mlio mdogo wa kugonga, kimya, mlio, kimya.

— Diski ya zamani hii, alisema. Kuna sahani inazunguka, na mkono mwembamba unaopita juu yake kusoma. Sikilizeni. Mkono unatoka, unafika mahali, haupati unachokitafuta, unarudi mwanzo. Halafu unatoka tena, unakwenda pale pale.

Hakuna aliyemtazama Desimali. Shangazi alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

— Mimi nasema ni joto, Redio aliirudisha hewani sauti yake. Iwekeni kwenye friza.

— Kuna mteja wangu alifanya hivyo, alisema Kinyozi. Aliiweka pamoja na samaki.

— Ikawaka?

— Iliwaka. Lakini ofisini kwao hakuna aliyetaka tena kukaa karibu naye.

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Hata Desimali alitikisika mabega kidogo, jambo ambalo hawakuwa wameliona tangu mazishi, na Redio, kwa kuliona, akapata nguvu za kwenda mbali zaidi.

— Basi nitawaambia ukweli, na mtanicheka, lakini nitasema. Mashine hii haijaharibika. Imesusa. Mashine huujua mkono wa mwenyewe. Lori langu, siku walipompa kijana mwingine, halikupanda mlima. Lilisimama katikati likakoroma. Nikaitwa mimi, nikalipapasa usukani, nikaliambia twende mzee mwenzangu. Likapanda!

— Si ulifungua breki ya mkono? aliuliza Fundi Saa.

— Hiyo ni habari nyingine. Desimali, nyumbani kuna kastabini ya shemeji, ile kofia ya kidole ya kushonea?

— Ipo.

— Ivae kidoleni, ubonyeze kwa hiyo. Itadhani ni yeye.

— Haitadhani, alisema Desimali. Kitufe hakina habari na kidole. Kingekuwa na habari, ningekuwa nimeijaribu.

Alisema kwa upole, na baada ya kulisema akaonekana kulishangaa mwenyewe.

— Si kidole, ni sauti, aliingilia Kinyozi, sasa naye amekolea. Mashine imezoea sauti ya mwanamke. Imeisikia hiyo mchana kutwa! Shangazi, njoo useme nayo.

— Mniache na birika langu.

— Neno moja tu, Shangazi.

Shangazi alifuta mikono kwenye kitenge chake. Alikuja, akainama mbele ya kile kioo cheusi, na alipoanza kusema hakuwa akitania tena.

— Haya mama, aliiambia. Tumekusubiri sana huku. Amka basi.

Ule mlio ukakoma. Herufi zikaruka, mstari juu ya mstari, zikasimama. Redio alimshika Kinyozi mkono. Shangazi alirudi nyuma hatua mbili, kiganja mdomoni.

— Ni bahati tu, alisema Desimali. Jaribio moja limefaulu. Jana pia ilifika hapa.

— Inasema nini?

— Inauliza swali. "Orodha ya mafaili hailingani na kilichomo kwenye diski. Nirekebishe? Ndiyo au hapana."

— Ndiyo! walisema Kinyozi na Redio kwa pamoja. Mtu anauliza akusaidie, unamjibu ndiyo!

— Msimame kidogo. Kurekebisha maana yake ni kuandika. Itaandika juu ya diski ambayo yenyewe haiwezi kuisoma. Ikifika mahali ilipo sauti yake na kushindwa kupasoma, inaweza kupahesabu kuwa ni mahali patupu. Itaandika hapo.

— Hapana, basi! alisema Redio. Hapana kabisa!

— Nikisema hapana, haiwaki. Nitalazimika kuanza upya, na kila mwanzo ule mkono unazidi kukwaruza.

— Jana ulijibu nini? aliuliza Fundi Saa.

— Sikujibu. Nilichomoa waya.

— Na leo asubuhi?

— Leo asubuhi ilishindwa kufika kwenye swali. Ilikuwa inafika zamani. Sasa inafika mara moja moja. Huwa naiwasha nikishapata chai. Kila asubuhi.

Redio akaweka mkono wake mzito juu ya goti la mwenzake, akauacha hapo.

Kisha wakaanza kupiga kura, maana ndivyo kijiwe kinavyofanya kikizidiwa. Kinyozi alisema ndiyo, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuishi akichomoa waya. Redio alisema hapana, kwa hoja kwamba dereva amekwisha kusema njia haipitiki, na dereva asikilizwe. Fundi Saa alisema asiwepo wa kubonyeza chochote, ipelekwe kwa watu wanaofungua diski kwa vifaa. Desimali akamjibu kwamba amewauliza, wako mbali, na hawakuahidi kitu. Shangazi alisema yeye amekwisha kuongea na mashine mara moja, inatosha.

— Kwa hiyo kura moja moja, alisema Kinyozi. Mwenye mali aamue.

Desimali alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Kidole chake kilikwenda mpaka juu ya herufi ya ndiyo. Kilisimama hapo, hakikugusa.

— Samahani wazee wangu.

Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa yule mteja, shuka shingoni, nusu ya kichwa chake iking'aa.

— Tunakuja, kaka, tunakuja, alisema Kinyozi.

— Siyo hilo. Nimekaa nasikiliza tu. Huyo marehemu, Mungu amrehemu, hayo masomo alikuwa akimrekodia nani?

— Wanafunzi wake, alisema Redio. Tumesema tangu mwanzo.

— Nimesikia. Sasa hao wanafunzi walikuwa wakiyasikilizia wapi?

Kinyozi akamtazama Fundi Saa, Fundi Saa akamtazama Redio, Redio akamtazama Shangazi, na Shangazi akaitazama kahawa yake kana kwamba jibu lingeelea juu. Wote walikuwa wameitazama mashine alasiri nzima.

Desimali alikuwa amewaona wanafunzi hao kwa miaka. Yaani, alikuwa ameyaona makubadhi yao mlangoni, akayaruka akienda kazini na akayaruka akirudi. Baada ya mazishi walikuja kubisha hodi, wengi wao, na yeye aliwaambia kupitia mlango ulioegeshwa kwamba darasa limefungwa. Hakumjua hata mmoja wao kwa jina.

— Sijui, alisema.

Kijiwe hakikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake bila tarakimu nyuma yake.

— Basi mimi nimeuliza tu, alisema mgeni. Na mkishaamua, mnikumbuke na umeme. Huku upande mmoja upepo unaingia.

Desimali aliuondoa mkono kwenye kibodi. Alichomoa waya kwa uangalifu, akaurudisha dirishani, akaifunga mashine katika taulo lake. Shangazi alilipindua birika juu ya kikombe chake, zikatoka machicha tu.

— Imekwisha, alisema. Nendeni kwenu.

Kesho yake asubuhi Desimali alikunywa chai na hakuiwasha kompyuta. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda nyuma ya soko, mahali mafundi cherehani wanapokaa safu moja chini ya paa refu la mabati, akaanza na wa kwanza.

— Habari za asubuhi, binti yangu. Samahani, ulifundishwa kushona na nani?

Wa kwanza alifundishwa na mama yake. Wa pili alijifunza kiwandani. Alikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, akisalimu, akiuliza, akishukuru, na kila hatua iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Karibu na mwisho wa safu, mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni alimwona kabla hajafika. Akaondoa miguu kwenye kanyagio, akasimama.

— Baba, alisema. Shikamoo baba. Tulikuja, ukatuambia...

— Nakumbuka. Marahaba. Nakumbuka, mwanangu, nisamehe. Masomo ya mwalimu wako. Yale ya sauti.

— Ninayo, baba. Sote tunayo. Ukifika darasani alikuunganishia simu na kompyuta kwa waya, akakupa yote. Mimi mpaka leo nikishindwa kukata kola namuuliza yeye.

Desimali alishika ukingo wa meza.

— Unataka lipi, baba? La kola? La zipu?

— La kwanza, alisema. Tuanze na la kwanza.

Alimsogezea kiti chake, kile cha mbele ya cherehani, kwa kuwa hakikuwepo kingine. Desimali aliketi. Simu iliwekwa juu ya kitambaa, kidole kikagusa, na baada ya mkwaruzo mfupi wa hewa ya sebule yake mwenyewe, sauti ikatoka, karibu sana, haina haraka hata kidogo.

"Karibu. Umekaa? Usiguse kitu bado. Ondoa mguu kwenye kanyagio. Weka mikono yako yote miwili juu ya meza, nyoosha mgongo, vuta pumzi."

Desimali aliondoa mguu. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akanyoosha mgongo.