Kipima Hewa Kikubwa

Ndani ya basi dogo la kwenda Caguas, Edgardo alikuwa akimwonyesha jirani yake wa kiti, mama mmoja aliyevaa ovaroli ya gereji, kipima hewa alichokitoa kwenye gari lake, kile kibomba kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Mimi nilikaa nyuma yao.

"Nimefunga kikubwa zaidi, mama, injini ipate pumzi."

"Na kompyuta ya gari umeirekebisha?"

"Ya nini? Kimeingia bila shida."

Mama akageuka mzima mzima. "Makubwa haya! Kompyuta bado inadhani bomba ni lile dogo. Hewa inaingia nyingi, yenyewe inahesabu kidogo, basi injini inapunjwa petroli na kuchemka mno. Pistoni zitayeyuka! Gari liko wapi?"

Edgardo akatafuta simu mfukoni. "Analo mdogo wangu, Joselito. Yuko kwenye mashindano ya magari, Salinas."

Dereva, ambaye tangu Cayey hakuwa amefunga mdomo, akapunguza mwendo ili asikie. Edgardo akapiga simu. Sauti ya Joselito ikajaa basini: "Kaka! Halijawahi kukimbia hivi! Ngoja, naitwa kwenye mstari wa kuanzia!"

"Mwambie azime!" mama akapiga kelele.

Simu ilikuwa imeshakatika. Basi likasimama Caguas, mlango ukafunguliwa, na hakuna aliyeshuka.