Robo Tatu na Sifuri Nukta Sita Tano

Benchi lilikaa mbele ya duka la fundi cherehani, mguu wake mmoja mfupi ukiwa umewekewa kipande cha kigae ili lisiyumbe, na bado liliyumba. Kila alasiri, jua likihamia upande wa pili wa barabara, watu walewale walikuja kulikalia: Kamusi, karani mstaafu mwenye maelezo ya kila kitu; Tairi, mziba pancha wa pale kona; na Mama Birika, aliyeuza kahawa na kugawa maoni bure. Mwenye duka walimwita Pindo, kwa sababu hakuna suruali ndefu iliyowahi kumshinda. Ila leo suruali zilimlalia mapajani tu. Macho yalikuwa mekundu, shingo imelegea chini ya futi kamba. Alitoka nje, akachukua chaki yake ya nguo, akainama, akaandika kwenye ubao wa benchi, kati ya Kamusi na Tairi: ¾. Chini yake akaandika: 0.65.

— Ipi kubwa? akauliza.

Kamusi alivaa miwani.

— Ya nini, Fundi?

— Dozi ya mama. Mwanzo tuliambiwa robo tatu ya bomba la kumnyweshea dawa. Leo daktari mwingine kaandika hii ya chini. Dawa ileile, bomba la ukubwa uleule. Nafungua mdomo nimuulize, kashamwita wa nyuma yangu.

— Si ulishike bomba la zamani na jipya, uangalie? akasema Tairi.

— La zamani mama aliling'ata, likapasuka, nikalitupa. Hili jipya liko nyumbani, limejaa nukta tupu. Na mdogo wangu wa kike ananipigia simu tangu asubuhi. "Kaka, dozi ikiwa imepanda nakata tiketi leo. Ikiwa imeshuka, nitakuja likizo." Nimjibu nini?

Hakuna aliyecheka. Mama yake Pindo walimjua wote. Ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kizingiti cha duka, akiwaambia wapunguze kelele.

— Imeshuka, akasema Kamusi. Tazama mwanzo wake. Sifuri! Namba inayoanza na sifuri ina nini tena? Hapo mgonjwa anapewa harufu ya dawa.

— Wewe mzee, acha hizo, akadakia Tairi. Hiyo ni sitini na tano! Hii ya juu ni tatu na nne. Mimi nikijaza upepo wa tatu, baiskeli haitembei. Nikijaza sitini na tano, watu wanakimbia. Fundi, imepanda. Mwambie dada yako akate tiketi.

Pindo alijishika kwenye nguzo ya mlango.

— Nukta je? akauliza. Ile nukta inafanya kazi gani?

— Nukta ni kituo, akasema Kamusi. Ukifika hapo unasimama. Kinachofuata ni mapambo.

— Daktari ana foleni mpaka barabarani, aandike mapambo? Mama Birika aliweka birika chini. Nyie wanaume mnapenda kuhangaika. Jumlisha! Tatu na nne, saba. Sita na tano, kumi na moja. Imepanda. Kunyweni kahawa.

— Mama Birika, huwezi kujumlisha wa juu na wa chini, akasema Kamusi. Hiyo nne imembeba tatu mgongoni.

— Basi ndiyo maana wote wamechoka, baba. Kama mimi.

Tairi alikuwa ameinamia chaki, uso karibu uguse ubao. Aliponyanyuka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Mimi nadhani hazilinganishwi kabisa. Angalieni. Robo, nusu, robo tatu, hivyo ni vipimo vya watu. Mtu anakula nusu mkate, analala robo saa. Nukta ni za mashine. Sasa wakishakutoa kwenye robo wakakupeleka kwenye nukta, ina maana hawakuhesabu tena na watu wa...

Mama Birika alikuwa amemkanyaga mguu.

— Samahani, Fundi, akasema Tairi. Mdomo huu.

Pindo hakukasirika. Hakuwa na nguvu za kukasirika. Alivua futi kamba shingoni, kwa mazoea tu, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Kisha akaitazama. Asubuhi ileile alikuwa amekata robo tatu ya mita ya kitambaa cha bitana, bila hata kufikiri.

— Sogeeni, akasema.

Aliilaza futi juu ya benchi, akaweka kidole kwenye alama ya mia.

— Hii mita nzima ndiyo bomba lililojaa. Naikunja katikati. Naikunja tena. Robo nne. Nahesabu robo moja, mbili, tatu. Tairi, soma hapo.

— Sabini na tano.

— Sasa ya chini. Mita hiyohiyo naigawa vipande kumi. Ile sita ya baada ya nukta ni vipande sita: kumi, ishirini, mpaka sitini. Hii tano iko nyuma yake, ni ndogo zaidi, ni nusu tu ya kipande kinachofuata. Soma.

— Sitini na tano.

— Na ile sifuri inasema mita haijatimia, basi.

Vidole viwili vya Pindo vilikaa kwenye futi, na kati yao palikuwa na upana wa kiganja.

— Imeshuka, akasema polepole. Dozi imeshuka.

— Nilisema nini mimi? Kamusi alivua miwani kwa fahari.

— Ulisema harufu, akamjibu Mama Birika, lakini alikuwa anatabasamu. Alimmiminia Pindo kikombe mpaka juu. Hiki juu yangu, baba. Tumshukuru Mungu.

Tairi alimpiga Pindo begani. Pindo akatoa simu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakashuka mahali pake.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama pale na begi la shule lililoachia zipu. Hawakumjua. Alikuwa amengoja kwa adabu wamalize.

— Samahani, kaka zangu, nimesikia bila kukusudia. Poleni na mgonjwa. Wameipunguza kwa sababu amepata nafuu, au kwa sababu mwili hauibebi tena?

Kamusi alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Tairi alitazama magurudumu yake ya kule kona. Mama Birika aliinamisha birika kwenye kikombe kingine, likatoa masimbi tu, yale mashapo ya kahawa, akaliinua tena kama anayetaka kuhakikisha.

Simu ikalia mkononi mwa Pindo.

— Kaka? Umejua?

Alitazama chaki kwenye ubao. Akaifuta kwa kiganja, ya juu na ya chini.

— Imeshuka, mdogo wangu.

— Alhamdulillah! Kwa hiyo nije likizo?

Pindo alikaa kwenye benchi. Likayumba.

— Hapana, akasema. Kata tiketi. Njoo leo.