Video za Casimir Hazifunguke

ELISÉE: Haloo? Haloo, Ya Huguette?

HUGUETTE: Ni nani?

ELISÉE: Ni miye Elisée, mulamu yako, mudogo wa Casimir. Ni numéro ya mwenzangu, telefone yangu ilizimika. Jambo, Ya.

HUGUETTE: Jambo. Uko ku université?

ELISÉE: Ndiyo, mu salle ya bamashini. Uliamka muzuri?

HUGUETTE: Niliamka.

ELISÉE: Ni juu ya mashini yako ya kompyuta. Mwalimu wetu, ule anatufundishaka kulinda bamashini, aliiangalia toka asubui, na—

HUGUETTE: Zinafunguka?

ELISÉE: Ngoja nikuelezee. Ile virus haikufuta kintu. Ilifunga vyote, na ufunguo iko kwa bale bezi baliituma, kule—

HUGUETTE: Elisée. Video za kaka yako, zinafunguka?

ELISÉE: Hapana, Ya.

HUGUETTE: Bon.

ELISÉE: Hata moja. Za ndoa yenu, zile za safari ya Kasenga, ile ya hospitali mbele ya—

HUGUETTE: Nilisikia. Na yale maandiko mekundu ku kioo ya mashini? Banasema tukilipa—

ELISÉE: Tusilipe! Bengi balilipa, habakupata kintu. Bale banakamata feza, banapotea.

HUGUETTE: Bon. Ngoja nigeuze sombe, inaungua... [sauti ya sufuria] Niko.

ELISÉE: Ya, haulie?

HUGUETTE: Nililia mwaka jana, siku tulimuzika. Sasa sijue. Niko tu napika.

ELISÉE: [mutandao unakwaruza] ...kuko kintu sikukwambia.

HUGUETTE: Sikusikii muzuri.

ELISÉE: Nasema, kuko kintu! Ile clé USB niliingiza siku ya yenga kisha misa, ya programme ya kuandikia... muntu mumoja wa Ruashi njo alinipatia, bure. Antivirus ilikataa. Ilikataa mara mbili, Ya. Nikaizima. Virus iliingilia pale.

HUGUETTE: Najua.

ELISÉE: Unajua?

HUGUETTE: Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Iliandika "danger". Ukasema, hii mashini inapenda makelele.

ELISÉE: Na siku tatu hizi zote hauku—

HUGUETTE: Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe.

ELISÉE: Siendi ku stage lundi, juma ikianza.

HUGUETTE: Stage gani?

ELISÉE: Ya kujifunza kazi ku kampuni ya mine ya shaba, mu ofisi ya bale banalindaka bamashini. Balinikubali. Lakini muntu anaharibu nyumba ya kaka yake, ataenda kulinda ya nani?

HUGUETTE: Utaenda.

ELISÉE: Ya, siwezi—

HUGUETTE: Casimir alikupeleka yeye mwenyewe siku ya kuandikisha ku université, na homa yake. Utaenda. Ukifika, ubaambie vile ulifanya, ili mwengine asifanye.

ELISÉE: Ndiyo, Ya.

HUGUETTE: Sasa mashini. Banafunzi bangu bako na examen juma ijayo, nataka kuandika maswali.

ELISÉE: Njo maana nilipiga. Mwalimu anasema tufute yote, tuweke mupya. Lakini tunaweza kwanza kuchukua zile video, hivi zimefungwa, kuziweka ku disque ingine. Mara zingine, kisha miaka, bantu banatafuta mupaka banapata ufunguo. Mara zingine.

HUGUETTE: Miaka ngapi?

ELISÉE: Hakuna anajua. Pengine hazitafunguka hata siku moja.

HUGUETTE: Futa.

ELISÉE: Ya, fikiri kwanza, hata kesho—

HUGUETTE: Nilingoja mu hospitali miezi ine. Kila asubui docteur alisema "pengine". Futa, Elisée.

ELISÉE: ...Bon. Nitafuta.

HUGUETTE: Na unionyeshe namna ya kuweka kopi. Miye mwenyewe, na mikono yangu. Usinifanyie.

ELISÉE: Nitapita samedi, mbele ya stage. Ya, unités za telefone ya mwenzangu ziko naisha—

HUGUETTE: Elisée! Sauti yake, haikubakia kwako mu telefone?

ELISÉE: Iko moja. Note vocale. Ananiuliza kama nilikula.

HUGUETTE: Anasema vile tu?

ELISÉE: Vile tu. Kisha anakohoa. Nitakutumia nikiwasha telefone—

HUGUETTE: Hapana. Iweke kwanza kopi pafasi mbili. Tatu. Kisha uni—

ELISÉE: Ya? Haloo? Ya Huguette?