Mama Foleni Anaondoka, Foleni Inabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Foleni atafunga dirisha la mapokezi la karakana yetu ya miguu bandia kwa mara ya mwisho. Amelifungua kila asubuhi ya kazi kwa miaka thelathini na minne. Tumejaribu kuhesabu mara alizochelewa, tukapata moja tu, na siku hiyo alikuwa anajifungua kitinda mimba wake. Hata hivyo ufunguo ulifika kabla ya saa mbili, umeshikwa na mumewe aliyekuwa bado amevaa kandambili.

Jina lake halisi limo kwenye faili. Mkuu wa karakana, alipoketi kuandika barua ya kumstaafisha, ilibidi aulize.

Aliajiriwa kufagia. Mwezi wa tatu alichoka kufagia katikati ya ugomvi, maana wakati huo anayetaka mguu alijiandikisha kwenye daftari kila alipokuja, na mwenye bidii ya kuja alikuwa na jina lake mara saba. Mama Foleni aliegemeza ufagio ukutani, akaomba kadi tupu na kabati lenye vishubaka thelathini na kimoja. Ufagio ule hakuushika tena.

Utaratibu wake ni huu, na nauandika kwa sababu wengi wetu tumeufanyia kazi miaka bila kuuelewa. Kila mgonjwa ana kadi moja, basi. Kadi inakaa kwenye kishubaka cha siku aliyozaliwa, kwa hiyo ukimwambia ulizaliwa tarehe tisa, anafungua kishubaka cha tisa na kukupata kabla hujakohoa. Kama upo, huandikwi tena. Hata ukija mara ishirini, nafasi yako ni ile ya siku ya kwanza, haipandi wala haishuki. Na chini ya kila kadi kuna mistari miwili, yenye jina na tarehe ya kuzaliwa: Ametanguliwa na fulani. Anafuatwa na fulani. Mtu akipata mguu wake, kadi yake inatolewa, na Mama Foleni anasahihisha kadi mbili tu, ya aliyemtangulia na ya aliyemfuata, ili hao wawili sasa washikane. Wengine wote hawaguswi.

Kwa mistari hiyo miwili watu walijuana. Walioandikwa jirani walianza kuketi benchi moja, kisha kusalimiana majumbani. Tuna ndoa mbili kwenye rekodi zetu zilizotokana na kadi, na katika harusi ya kwanza bwana harusi alimshukuru mama yake, baba yake, kisha mtu aliyepata mguu akatoka katikati yake na bibi harusi kwenye orodha.

Upendeleo kwake ni neno la lugha nyingine. Sisi wafanyakazi nasi ametuwekea kadi, za zamu ya likizo, kwa kufuatana tulivyoajiriwa. Ya kwanza ni yake mwenyewe, ya pili ni ya mlinzi wa getini. Sheria inasema aliyetoka akirudi anaanzia mwisho. Mkuu wetu alipohamia kwingine kwa mwaka mmoja kisha akarudishwa akiwa ndiye mkuu, alikuta kadi yake iko nyuma ya kila mtu, na ndipo ilipokaa. Wajukuu nao wanamjua bibi yao. Peremende ni moja kwa kila mtoto, kwa kufuata nani aliingia mlangoni kwanza, na ukizunguka nyuma ya nyumba ukarudi umevaa kofia ya kaka yako, anakwambia umeshaandikwa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana wasifu huu nimeagizwa kuusema wote.

Miaka saba iliyopita nililetwa mimi, mtu wa kompyuta, niondoe makaratasi. Mama Foleni alinisomea majina yote mia tatu na kumi na mawili, kwa mpangilio, kwa wiki mbili, akinywa chai na kunirudisha nyuma kila niliporuka mtu. Ile mistari miwili ya chini sikuiandika. Niliona ni maneno ya kujazia kadi. Aliniuliza mara moja kama mashine itakumbuka nani alimtangulia nani, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia vile kijana aliyesoma anavyomwambia shangazi yake.

Ndani ya programu niliyaweka majina kwenye kile tunachokiita seti, mkusanyiko usiokubali kitu kurudiwa. Nililipenda wazo hilo. Mtu akijiandikisha mara saba, anabaki mmoja. Nilichosahau ni kwamba seti ya kawaida haijali nani alikuja lini. Inamtupa kila mtu pale inapoona pana nafasi. Mama Foleni alikuwa na mambo mawili, mtu mmoja kadi moja, na kila mtu nyuma ya aliyemtangulia. Mimi nilichukua la kwanza nikaliacha la pili. Kisha, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, nikamimina vishubaka vyote kwenye magunia mawili wayachukue wakusanya karatasi.

Jumatatu yake kulikuwa na vifaa vya miguu sita. Baada ya hapo, hakuna kingine mpaka miezi minne. Mkuu alibonyeza, mashine ikatoa majina sita, na wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyejiandikisha Alhamisi iliyopita. Kwenye benchi alikuwa ameketi fundi cherehani, mama aliyesubiri miezi kumi na mmoja, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu miwili na mguu mmoja wa kukanyagia. Binti zake walikuwa wakipokezana kumkanyagia, na mkubwa alikuwa ameacha shule kwa ajili hiyo. Mashine ilimweka wa mia mbili na tano.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nilibonyeza tena, nikabonyeza na tena. Mpangilio haukuwamo mle ndani. Haukufichwa mahali; haukuwekwa kabisa. Bwana wa Alhamisi, na hili tunamshukuru mpaka leo, ndiye aliyesimama na magongo yake akasema kuna kitu hakiko sawa, maana hata kiti hajakipasha moto.

Mama Foleni hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliagiza magunia yarudishwe, akayamwaga ukumbini, na kadi zikatapakaa sakafu nzima kama mchele uliopasukiwa na mfuko. Niliona basi, mambo yameisha, nani atajua mpangilio wa fujo ile? Yeye akatuambia turudishe kila kadi kwenye kishubaka cha siku yake ya kuzaliwa, ovyo ovyo, bila kujali nani kwanza. Kisha akauliza swali moja: "Nani hana mtu mbele yake? Tuanzie kwake."

Kadi moja tu ilikuwa na mstari wa juu mtupu. Ilikuwa ya mpishi wa shule. Anafuatwa na dereva wa trekta, tarehe tatu. Kishubaka cha tatu! Dereva wa trekta yupo! Anafuatwa na bibi wa bustani, tarehe ishirini na sita! Sijawahi kuona ofisi ikifurahi namna ile. Mkuu alikuwa amepiga magoti na tai yake imefagia sakafu, mlinzi ameacha geti wazi, wagonjwa wanapaza tarehe kutoka kwenye benchi. Wa nne akapatikana, wa tano akapatikana, na kadi ya wa tano ikasema: anafuatwa na fundi cherehani, tarehe kumi na saba.

Kishubaka cha kumi na saba hakikuwa naye. Tulikitoa, tukakikung'uta. Mkuu, ambaye ni mtu wa sheria, alisema kwa sauti ya chini kwamba bila kadi hana la kufanya, itabidi aitwe anayefuata. Fundi cherehani alitazama mikono yake.

"Kadi imepotea," Mama Foleni alisema, "mtu hajapotea. Waulizeni majirani zake."

Tukapekua kabati zima tukitafuta kadi moja inayosema ametanguliwa na fundi cherehani. Ilikuwa ya fundi baiskeli, na alikuwa ameketi palepale kando yake, kama walivyoketi miezi kumi na mmoja. Kadi ya mbele yake ilimtaja, kadi ya nyuma yake ilimtaja, na nafasi ya sita ilikuwa wazi katikati yao, inamngoja mwenyewe. Mkuu akasaini. Fundi baiskeli, aliyekuwa wa saba na ambaye kwa neno moja la hila angepata mguu siku hiyo, ndiye aliyepiga makofi kwanza.

Kadi yenyewe ilipatikana saa nane, imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza ya chai iliyokuwa ikiyumba. Niliikunja mimi. Ni karatasi tu, nilijiambia siku ile.

Programu niliiandika upya kwa kumwiga yeye: vishubaka vya kumpata mtu haraka, na kwenye kila jina, aliyetangulia na anayefuata. Baadaye niligundua kwamba wataalamu wa dunia wanaijua seti ya namna hiyo, ile isiyorudia jina wala kusahau nani alitangulia. Nilimpelekea habari hiyo kwa shangwe. Aliuliza kama nao huweka karatasi chini ya meza.

Tangu hapo karakana imetoa miguu zaidi ya elfu moja na hakuna aliyerukwa. Binti wa fundi cherehani alirudi shule. Gauni atakalovaa Mama Foleni Ijumaa limeshonwa na fundi huyo, kwa miguu miwili.

Wiki iliyopita Mama Foleni aliniita akaniagiza nimtoe kwenye orodha ya wafanyakazi kama mtu mwingine yeyote: nitoe kadi yake, kisha nisahihishe ya mlinzi, ambaye sasa hatakuwa na mtu mbele yake. Alisema nikimbakiza juu nitakuwa nimewafundisha watu kuruka foleni.

Mama, tumekutii nusu. Kadi yako tutakukabidhi Ijumaa, uende nayo. Asante kwa miaka thelathini na minne, na kwa siku ile hukunigombeza. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na dirisha la kufungua, afya ya kuwakimbiza wajukuu, na mzee wako asichoke kusubiri zamu yake bafuni. Ila kadi ya mlinzi imeshindikana kusahihishwa, maana ameitia mfukoni na hataki kuitoa. Tumeiona alipotuonyesha kwa mbali. Bado inasema ametanguliwa na Mama Foleni.